Berlin usiku: jibu kwa mtengeneza biti wa Mbagala

Swali: "Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa Mbagala, natengeneza biti za singeli kwa kompyuta yangu ndogo. Nimepata mafunzo ya miezi mitatu Berlin kuanzia Oktoba. Kila ninayemwambia ananijibu 'nenda Berghain', ile klabu yao maarufu. Mimi sitaki kwenda kupiga picha mlangoni. Nataka kufika kule chini kwa chini, wanakopiga watu wasiojulikana, nisikie, na ikiwezekana nami nisikilizwe. Nianzie wapi? Mtu mweusi akienda peke yake anaruhusiwa kuingia? Na ni kweli kwamba klabu za huko zinakufa?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana kwa nafasi hiyo. Mimi nilifika Berlin mwaka 2007 na usiku wangu mwingi nimeumalizia nyuma ya meza ya sauti: nafunga spika, navuta nyaya, nangoja wa mwisho aondoke ndipo nianze kukunja. Nitakujibu kama fundi, kwa hiyo vumilia nikizungumza zaidi kuta na dari kuliko majina ya madijei.

Tuanze na neno lenyewe. Kwetu ukisema msanii ni andagraundi, watu wanaelewa bado hajatoka, anangoja ngoma yake ishike redioni. Berlin utakutana na watu wa miaka 60 ambao wako chini kwa chini tangu ujana wao na hawajawahi kuwa na mpango wa kutoka. Wanapiga mbele ya watu 40, wanagawana kilichomo kwenye kopo la mchango, Jumatatu wanarudi kazini. Ukiwakuta usidhani wameshindwa. Wamechagua kupiga wanachotaka, na wamekubali gharama yake.

Jambo la pili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote: ukifika, tafuta nyumba kabla ya kutafuta msanii. Uliza jengo hili ni la nani, waliomo wana mkataba gani, na unaisha lini. Majibu hayo ndiyo yanayoamua kitakachopigwa humo, mpaka saa ngapi na kwa kiingilio gani. Muziki wa mji huu umefuata majengo matupu tangu zamani, kama maji yanavyofuata mfereji.

Mwaka 1949, mji ukiwa umegawanywa na majeshi yaliyoshinda vita, mwenye hoteli mmoja wa upande wa Magharibi, Heinz Zellermayer, alimwendea kamanda wa Kimarekani Frank Howley kumwomba aondoe saa ya kufunga baa. Inasimuliwa kwamba alikwenda na chupa ya wiski. Saa hiyo ikaondolewa, na ukiacha kipindi cha korona mwaka 2020, Berlin haijapangiwa tena muda wa kwenda kulala. Kisha ukaja ukuta mwaka 1961. Berlin Magharibi ikabaki kama kisiwa ndani ya Ujerumani Mashariki, na kwa sababu ya hadhi yake ya pekee vijana waliokuwa wakaazi wake hawakuchukuliwa jeshini. Wakamiminika huko. Wengi walifikia Kreuzberg, mtaa uliobanwa na ukuta, wenye nyumba kuukuu za bei nafuu na familia nyingi za wafanyakazi kutoka Uturuki. Hapo ndipo mwaka 1978 ilipofunguliwa SO36, ukumbi wa punk, muziki wa gitaa za kelele wa vijana waasi, katika Oranienstrasse uliojipa jina la msimbo wa zamani wa posta wa mtaa huo. Upo mpaka leo. Tangu miaka ya tisini wana usiku uitwao Gayhane, ambako mashoga na wasagaji wa Kituruki na Kiarabu wanacheza muziki wa nyumbani kwao. Nimefanya kazi kwenye kumbi nyingi, lakini ni chache ninazoziheshimu kama huo.

Upande wa Mashariki mambo yalikuwa magumu zaidi. Bendi ilitakiwa iwe na kibali cha serikali, na punk wengi hawakupewa. Waliojitolea kuwafungulia mlango ni baadhi ya wachungaji wa Kilutheri, kwa hiyo gitaa za makelele zikawa zinasikika makanisani. Oktoba 1987 kundi la vijana wenye siasa za Kinazi liliwavamia watu waliokuwa kwenye onyesho ndani ya kanisa la Zion, polisi wakiwa jirani. Ukipita karibu na Prenzlauer Berg utaliona kanisa hilo juu ya kilima kidogo. Simama dakika moja. Watu walipigwa pale kwa sababu ya muziki.

Halafu tarehe 9 Novemba 1989 ukuta ukafunguka, na Mashariki ikajikuta na majengo mengi ambayo mwenyewe hajulikani. Mengine yalikuwa ya familia za Kiyahudi zilizonyang'anywa na Wanazi, yakachukuliwa tena na serikali ya kikomunisti, na sasa yalisubiri wanasheria. Kujua nyumba ni ya nani kulichukua miaka. Katika pengo hilo vijana waliingia. Mwaka 1990 walihamia nyumba zaidi ya 100 bila ruhusa ya mtu, wakarekebisha mabomba, wakafungua baa sebuleni na ukumbi stoo. Novemba ya mwaka huohuo polisi wapatao 3,000 waliwaondoa kwa nguvu watu wa Mainzer Strasse, lakini nyumba nyingine nyingi zilipata mikataba na zikasalimika.

Katika pengo hilo ndipo ilipozaliwa klabu ya Tresor. Dimitri Hegemann na wenzake walikuwa wakitafuta mahali karibu na Potsdamer Platz, eneo lililokuwa mbuga kati ya kuta mbili. Wakashuka chini ya mabaki ya duka kubwa la Wertheim, mali ya familia ya Kiyahudi iliyoporwa na Wanazi, wakakuta chumba cha hazina: milango mizito ya chuma, kutu, unyevu, visanduku vya amana vilivyovunjwa ukutani. Machi 1991 wakakifungua kama klabu, na jina lake ndilo hilohilo, maana Tresor kwa Kijerumani ni kasiki. Mimi sikuiwahi ya kwanza. Ilifungwa mwaka 2005, na mahali pa Wertheim sasa pana jengo la maduka. Mwaka 2007 ilifunguliwa upya ndani ya mtambo wa zamani wa umeme huko Köpenicker Strasse.

Hapa nisikilize vizuri, maana jambo hili linakuhusu. Tekno, muziki wa kudansi unaotengenezwa kwa mashine, iliyojaza chumba kile haikuwa ya Kijerumani. Ilitoka Detroit, Marekani, kwa vijana weusi: Juan Atkins, Derrick May, Kevin Saunderson, na baada yao kundi la Underground Resistance la Mike Banks na Jeff Mills. Rekodi ya kwanza kabisa ya lebo ya Tresor, mwaka 1991, ilikuwa kazi ya Underground Resistance. Machi 2024 utamaduni wa tekno wa Berlin uliingizwa kwenye orodha ya Ujerumani ya urithi wa utamaduni usioshikika chini ya UNESCO. Nilifurahi kwa ajili ya wenzangu, na papo hapo nikaumia kwa jinsi Detroit ilivyotajwa kwa sauti ndogo. Basi ukiingia ukumbi wowote wa tekno mjini humu, usiingie kama mgeni aliyealikwa kwa hisani. Msingi wa nyumba hiyo ulichimbwa na weusi.

Sasa uanzie wapi.

Usiku wako wa kwanza nenda Schokoladen, Ackerstrasse 169. Ni kiwanda cha zamani cha chokoleti kilichokaliwa tangu 1990. Fika saa moja jioni, kwa sababu onyesho linaanza mapema na saa nne usiku ala zinanyamaza. Wageni wengi hushangaa: Berlin gani hii inayolala saa nne? Sababu ni majirani. Sheria ya Ujerumani inalinda utulivu kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na nyumba hii ilichagua kupatana nao ili iendelee kuishi. Utaona bendi ambayo hujawahi kuisikia na huenda hutaisikia tena, watu wamesimama hatua tatu kutoka kwenye ngoma, bia mkononi, kimya wakati wa kusikiliza. Saa nne na nusu wapigaji wenyewe wako kaunta na unaweza kuzungumza nao. Kwa mtu anayetaka kufahamiana na watu, hakuna pa kuanzia pazuri zaidi.

Ukitaka sauti ngeni kabisa, muziki usio na mdundo wala wimbo, nenda ausland, ghorofa ya chini ya nyumba moja ya Lychener Strasse, au Morphine Raum kule Kreuzberg, inayoendeshwa na Rabih Beaini kutoka Lebanon. Donau115 kule Neukölln ni chumba cha jazi kidogo kuliko sebule ya watu wengi. Ukichelewa utasikilizia barabarani. Mji huu una jamii kubwa ya wapigaji wa muziki wa papo kwa papo, na ratiba yao huwekwa pamoja kwenye kalenda ya mtandaoni iitwayo Echtzeitmusik. Iangalie kila Jumatatu. Nyingine ya kuangalia ni Stressfaktor, kalenda ya nyumba za siasa za kushoto: punk, haki za wapangaji, chakula cha pamoja. Humo utaliona neno Küfa, maana yake jiko la wote. Unakula sahani ya dengu kwa mchango wa unachoweza, na baada ya chakula mara nyingi bendi inapanda. Mwanafunzi mwenye posho ndogo anaweza kuishi kwa Küfa, nami niliishi hivyo miezi yangu ya mwanzo.

Köpi, Köpenicker Strasse 137, utaipenda au utaiogopa. Ni nyumba iliyokaliwa mwanzoni mwa 1990, ukumbi wake uko chini, kelele zake ni za kweli. Uwanja wa magari ya kuishi uliokuwa ubavuni mwake ulivunjwa na polisi Oktoba 2021, lakini jengo limebaki. Usitoe simu kupiga picha humo hata mara moja. Watu wanaishi pale, na wengine wana sababu nzito za kutotaka kuonekana.

YAAM iko ukingoni mwa mto Spree karibu na Ostbahnhof. Ilianzishwa mwaka 1994 na jina lake lilitokana na soko la sanaa la vijana wa Kiafrika. Siyo mahali pa siri, watalii wanapajua, na muziki wake mwingi ni rege, densihoo na afrobiti. Hata hivyo utakapoikosa sauti ya nyumbani, Jumapili kuna mchanga, kuna wali na kuku, na kuna mtu atakayekuita kaka kabla hujajitambulisha.

Na ukiwa Neukölln, ukitoka kituo cha Hermannplatz kuelekea Hasenheide, tafuta kibao cha Lucy-Lameck-Strasse. Barabara hiyo iliitwa kwa jina la Wissmann, yule Mjerumani aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri wa Pangani mwaka 1889. Mwaka 2021 jina hilo likang'olewa na likawekwa la Lucy Lameck wetu, mwanamke wa kwanza kuingia kwenye uongozi wa wizara nchini kwetu. Kule kitongoji cha Wedding, kwenye mtaa wenye Ugandastrasse na Sansibarstrasse, tangu Agosti 2024 kuna Maji-Maji-Allee. Siyo kumbi za muziki, najua. Lakini utakapokuwa unarudi usiku kwa miguu, umechoka, ni jambo la kutia nguvu kukuta jina la kwetu ukutani.

Berghain sasa. Sikukatazi. Ilifunguliwa mwaka 2004 ndani ya mtambo wa zamani wa umeme na joto, jina lake limeunganishwa kutoka Kreuzberg na Friedrichshain, na mfumo wake wa sauti ni kati ya mizuri niliyowahi kusimama mbele yake. Mwaka 2016 mahakama ya kodi iliamua kwamba usiku wake uhesabiwe kama matamasha, yaani kodi ya asilimia 7 badala ya 19, na uamuzi huo ulizisaidia klabu nyingi kujitetea kuwa ni utamaduni. Lakini kiingilio ni kikubwa, foleni inaweza kukula saa tatu, na mlangoni unaweza kuambiwa hapana bila maelezo. Kwa wiki 12 ulizonazo, fedha hiyohiyo inakulipia usiku nne kwenye vyumba vidogo.

Tena kuna sababu ya kifundi kwa nini wewe hasa uende vyumba vidogo. Tekno inakwenda mapigo 130 hivi kwa dakika; kati ya pigo na pigo kuna karibu nusu sekunde. Kwenye ukumbi wa zege wenye dari la juu, mlio wa besi unapata muda wa kuzunguka na kufifia kabla pigo lingine halijaja, na ndiyo maana muziki ule umekua ukafanana na majengo yale. Singeli ikiwa mapigo 200 na kuendelea, una theluthi moja ya sekunde au chini ya hapo. Ukiipiga kwenye ukumbi wa zege, pigo la pili linaingia wakati la kwanza bado linatembea ukutani, na kinachobaki ni uji. Niliwahi kuijaribu kwenye ukumbi mkubwa kabla watu hawajaingia, nikasikitika. Wiki iliyofuata nikaipiga faili ileile kwenye chumba chenye dari la mbao, makochi na mapazia mazito, na kila kikofi kikakaa mahali pake. Muziki uliozaliwa kwenye vigodoro, nje, uwanjani, spika zikiwa zimeelekezwa kwa watu na hakuna ukuta wa kuurudisha, unahitaji chumba kikavu. Kumbuka hilo kabla hujamwomba mtu nafasi ya kupiga.

Nikuoneshe na upande ambao mchezaji haoni. Februari moja niliitwa kufunga sauti kwenye nyumba moja ya Neukölln, ukumbi uko chini ya ardhi, ghorofa ya kwanza wanaishi watu. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magodoro na waliona wamemaliza kazi. Godoro linazuia vikofi na sauti za juu. Besi haina habari nalo, inapita kwenye sakafu, inapanda kwa nguzo na kutokea chini ya kitanda cha jirani. Tulipanda mimi na kijana mmoja kwa bibi wa juu, tukamweleza, akatupa chai. Kijana akabaki chumbani kwake na kipimo cha sauti, mimi nikashuka na kuanza kupandisha besi kidogo kidogo, huku akinisomea namba kwa simu. Tukaweka raba nene chini ya kila spika, tukaisogeza moja mita mbili kutoka kwenye nguzo, tukapiga tena. Tulipofika kiwango ambacho bibi alisema "hapa nalala", tukafunga limita, kifaa kinachozuia sauti kuzidi, kwenye kiwango hicho na kuifungia kwenye kisanduku. Ilichukua saa tano. Kwa hiyo dijei akikuambia "panda juu" na fundi akatikisa kichwa, fundi huyo ana bibi fulani moyoni. Mwaka 2018 mji wa Berlin ulianzisha mfuko wa euro milioni 1 wa kusaidia klabu kujenga kinga ya kelele, na naamini ni kati ya fedha zilizotumika vizuri kuliko zote kwenye muziki wa mji huu.

Mlangoni, sitakudanganya. Kwenye nyumba nilizokutajia za vikundi vya kujitolea, anayekaa mlangoni mara nyingi ni mwanachama tu, anapokea mchango, anabandika stika kwenye kamera ya simu yako na kukuambia karibu. Rangi yako haitakuwa swali, na wengi wana watu maalumu wa kuzunguka ukumbini usiku kucha kuangalia kama kuna anayesumbuliwa; ukisumbuliwa waendee. Klabu kubwa za biashara ni habari nyingine. Miaka yangu ya mwanzo tulikwenda sehemu moja tukiwa watatu, Watanzania wote, tukaambiwa leo ni sherehe ya wanachama. Tukasogea pembeni kutafuta basi, nyuma yetu wakaingia vijana watano weupe, hakuna aliyeulizwa kadi. Nililia ndani ya basi, na sioni aibu kukuambia.

Siku hizo sikujua kwamba sheria ya Ujerumani ya mwaka 2006 ya kutobaguliwa inakataza jambo hilo waziwazi. Likikupata: andika saa, mahali, maneno uliyoambiwa, omba namba za walioshuhudia, na usichelewe, kwa sababu dai linatakiwa lifike ndani ya miezi miwili. Kuna ofisi za ushauri za bure kwa ajili hiyo mjini. Zaidi ya hapo, namna ya kusimama inasaidia popote: jua nani anapiga usiku huo, usifike ukiwa umelewa, usiende kundi kubwa, ongea kwa upole na kwa sauti ya kawaida. Kiingereza kinatosha. Peke yako ni sawa kabisa, hata ni bora; Berlin mtu kwenda kusikiliza muziki peke yake hakuna anayemshangaa.

Beba keshi, noti ndogo na sarafu. Vyumba vingi vidogo havina mashine ya kadi. Palipoandikwa mchango, toa kweli: euro 8 au 10 ukiwa nazo, 5 ukiwa huna, maana kopo hilo ndilo mshahara wa wapigaji wote wa usiku ule. Nunua plagi za masikio duka la dawa siku ya kwanza. Wewe ni mtengenezaji, masikio ndiyo jembe lako. Ijumaa na Jumamosi treni za chini ya ardhi zinakwenda usiku kucha, siku nyingine kuna mabasi ya usiku. Dawa za kulevya utapewa bila kuomba. Kataa, na usimbebee mtu kitu. Viza yako ni ya thamani kuliko urafiki wa dakika kumi.

Umeuliza kama klabu zinakufa. Ndiyo, nyingi zimekufa, na nimezifungulia nyaya baadhi kwa mara ya mwisho. Griessmuehle ilitolewa Neukölln mwaka 2020. Mensch Meier ilifunga mwishoni mwa 2023. Watergate, iliyokuwa na ukuta wa vioo unaotazama mto tangu 2002, ilicheza usiku wake wa mwisho kuukaribisha mwaka 2025. Sababu hazitofautiani sana: pango linapanda, umeme unapanda, mwenye jengo anauza, au majirani wapya wananunua nyumba karibu na klabu kisha wanalalamikia kelele walizozikuta. Kuna pia barabara kuu ya A100, ambayo mpango wa kuiendeleza unapita Ostkreuz palipo na about blank, klabu ya kikundi cha ushirika yenye bustani ambayo ningependa uione kabla ya baridi kali. Mei 2021 bunge la Ujerumani lilipitisha azimio kwamba klabu za muziki zihesabiwe kuwa mahali pa utamaduni, si kuwekwa fungu moja na kumbi za kamari na madanguro kama sheria ya ujenzi ilivyokuwa ikizichukulia. Ni heshima kubwa. Lakini azimio halilipi pango.

Zilizosalimika zimesalimika kwa karatasi ya umiliki. Schokoladen ilikuwa imepangiwa siku ya kutolewa na dalali wa mahakama Februari 2012. Iliokolewa pale mfuko wa Edith Maryon wa Basel, Uswisi, ulipokubali kulichukua jengo na kuliondoa sokoni. Watu wa klabu ya Bar 25, baada ya kufukuzwa ukingoni mwa mto mwaka 2010, walirudi kwenye ardhi ileile kwa sababu mfuko mwingine wa Basel, Abendrot, uliinunua na kuwakodisha. Wakajenga kijiji cha ushirika kiitwacho Holzmarkt. Ndiyo maana nakuambia uulize mwenye nyumba. Ukirudi Dar, ukaona kiwanja mnachopigia muziki kimewekewa mabati na bango la mkandarasi, utakuwa umeshaona watu waliokaa vikao, wakachanga, wakaandika mkataba, wakabaki.

La mwisho, kusikilizwa. Hali ni nzuri kuliko unavyofikiri. Tangu lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyo wa singeli mwaka 2017, wapigaji wa Dar wameitwa kwenye matamasha mengi ya Ulaya, na mjini humu wapo wanaoijua kuliko baadhi ya watu wa Masaki. Usitume barua pepe kwa klabu kubwa, hazitasomwa. Nenda mahali palepale mara tatu, saidia kubeba spika baada ya onyesho, sema unatengeneza nini. Redio za mtandaoni kama Refuge Worldwide ya Neukölln hupenda kusikia watu wa namna yako. Weka kazi zako kwenye flashi mbili, faili za WAV, na majina ya nyimbo yaeleweke. Ukiitwa kupiga kwa malipo, soma kwanza masharti ya viza yako. Ukiitwa kupiga bure kwenye usiku wa kuchangia nyumba inayotaka kufukuzwa, nenda, na mwambie fundi mapema kuwa unaanzia mapigo 200 ili apunguze mkia wa besi.

Na koti. Vijana wa Dar hufika Oktoba na jaketi la kitambaa, Novemba wanakaa ndani kwa baridi na kukosa kila kitu. Kwenye masoko ya Jumapili, kama la Mauerpark, utapata la mtumba lililo zito na la bei rahisi. Chagua lenye mfuko wa ndani unaofungwa kwa zipu: humo ndimo zikae flashi, sarafu za kopo na plagi za masikio.